Jagadish Chandra Bose

Jagadish Chandra Bose (30 Novemba 1858 – 23 Novemba 1937) alikuwa mwanafizikia na mtaalamu wa fiziolojia ya mimea kutoka Bengali, wakati eneo hilo lilipokuwa sehemu ya Uhindi chini ya utawala wa Uingereza. Anajulikana kwa mambo mawili ambayo mara nyingi husimuliwa kana kwamba ni ya watu wawili tofauti: majaribio ya mawimbi mafupi ya redio aliyoyafanya katika miaka ya 1890, na utafiti wa zaidi ya miaka thelathini kuhusu umeme ndani ya mimea.

Alikuwa kati ya watu wa kwanza kuonyesha kwa vipimo kwamba hata mimea ya kawaida, si ile tu inayojikunja au kunasa wadudu, hutoa ishara ya umeme inapoguswa, inapopashwa joto au inapojeruhiwa. Miongo kadhaa ilipita kabla ya kujulikana kwamba ishara hizo hutokana na ioni za kalsiamu, kloridi na potasiamu zinazopita katika mifereji midogo kwenye utando wa seli.

Utoto na masomo

Bose alizaliwa katika familia iliyotoka wilaya ya Bikrampur, ambayo leo imo nchini Bangladesh. Baba yake, Bhagawan Chandra Bose, alikuwa naibu hakimu wa serikali na mfuasi wa Brahmo Samaj, harakati ya marekebisho ya dini ya Uhindu. Wakati huo watumishi wengi wa serikali walipeleka watoto wao katika shule za Kiingereza. Yeye alimpeleka mwanawe kwanza katika shule ya kijijini iliyofundisha kwa Kibengali, kwa kuamini kwamba mtoto anapaswa kuijua lugha yake na watu wake kabla ya kujifunza lugha ya watawala. Darasani Bose alikaa pamoja na watoto wa wavuvi na wa watumishi wa nyumbani, akisikiliza habari zao za ndege, wanyama na viumbe wa majini.

Baadaye alisoma Kolkata, kwenye shule na chuo cha Mt. Xavier. Huko padre Mjesuiti Eugène Lafont alimvutia kwenye fizikia kwa majaribio aliyoyafanya mbele ya wanafunzi. Mwaka 1880 alikwenda London kusomea udaktari, lakini aliugua homa mara kwa mara na hali ilizidi kuwa mbaya katika chumba cha kupasulia maiti. Aliacha udaktari akahamia Christ's College, Cambridge, kusomea sayansi asilia. Kati ya walimu wake walikuwamo mwanafizikia Lord Rayleigh na wataalamu wa mimea Sydney Vines na Francis Darwin, mwana wa Charles Darwin. Alipata shahada za Cambridge na za Chuo Kikuu cha London, akarudi nyumbani mwaka 1885.

Mwalimu asiyepokea mshahara

Mwaka huohuo aliteuliwa kuwa profesa wa muda wa fizikia katika Presidency College, Kolkata. Kwa utaratibu wa wakati ule profesa Mhindi alilipwa theluthi mbili ya mshahara wa Mzungu mwenye kazi hiyohiyo. Kwa kuwa Bose aliajiriwa kwa muda, kiasi hicho kilikatwa tena nusu. Hakuacha kazi wala hakukubali malipo: alifundisha kwa miaka mitatu bila kupokea mshahara wowote, ingawa baba yake alikuwa na madeni makubwa. Mwishowe chuo kilimthibitisha kazini na kumlipa mshahara kamili kwa miaka yote iliyopita. Fedha hizo zilisaidia kulipa madeni ya baba.

Mwaka 1887 alimwoa Abala Das, aliyekuwa amesomea udaktari huko Madras (leo Chennai) na ambaye baadaye alijulikana kwa juhudi zake za elimu ya wasichana na wajane.

Chuo hakikuwa na maabara ya utafiti. Bose alitumia chumba kidogo chenye eneo la takriban futi 24 za mraba, akafundisha mafundi wa Kolkata kutengeneza vifaa alivyovibuni mwenyewe. Ustadi huu wa kuunda vyombo vidogo vya kupimia ndio uzi unaounganisha kazi zake zote.

Mawimbi mafupi ya redio

Siku alipotimiza miaka 36, mnamo Novemba 1894, Bose aliamua kujitolea kwa utafiti. Heinrich Hertz wa Ujerumani alikuwa ameshaonyesha kuwepo kwa mawimbi ya sumakuumeme, lakini mawimbi yake yalikuwa marefu mno kupimwa vizuri ndani ya chumba. Bose alitengeneza mtambo wa kutoa mawimbi yenye urefu wa milimita chache tu. Kwa mawimbi hayo aliweza kuonyesha mezani kwamba yanaakisiwa, yanapinda na yanapolaraishwa kama nuru. Vifaa vyake vingine vilikuwa vya kushangaza kwa urahisi wake: kimoja kilikuwa kitabu cha ratiba za treni chenye karatasi za bati kati ya kurasa, na kingine kilikuwa nyuzi za juti zilizosokotwa. Hadharani mjini Kolkata alionyesha jinsi mawimbi yasiyoonekana yanavyopita ukutani na kulipua baruti au kupiga kengele upande wa pili.

Mwaka 1896 Chuo Kikuu cha London kilimpa shahada ya udaktari wa sayansi, na Januari 1897 alitoa mhadhara katika Royal Institution, London. Hakutaka kujitajirisha kwa uvumbuzi wake. Hataza ya Marekani ya mwaka 1904, kwa kifaa cha kupokea mawimbi kilichotumia jiwe la galena, iliombwa kwa kuhimizwa na rafiki zake Sara Bull na Sister Nivedita. Bose mwenyewe aliiacha ipitwe na wakati bila kuitumia.

Kutoka metali hadi mimea

Mnamo 1899 Bose aliona kwamba vipokezi vyake vya mawimbi vilipungua nguvu vikitumiwa mfululizo, kisha vikarudia hali yake baada ya kupumzishwa. Mchoro wa kushuka na kupanda huko ulifanana na mchoro wa msuli uliochoka. Wengi wangeona hapo kasoro ya mtambo na kutafuta metali bora. Bose aliona swali: je, kitu kilicho kati ya metali na msuli, yaani mmea, kitaonyesha mchoro gani?

Alichukua majani, mashina ya mboga na mizizi ya karoti na figili, akaunganisha sehemu mbili za kila kimoja na galvanomita, chombo kinachopima mkondo mdogo wa umeme. Alipogonga au kusokota sehemu moja, sindano ilisogea: mahali palipochokozwa palikuwa hasi kuliko mahali palipotulia, kisha tofauti ikatoweka polepole. Alipotia klorofomu mwitikio ulipungua, na sumu kali ikauzima kabisa. Mmea uliotumbukizwa katika maji ya moto hadi ukafa haukujibu tena.

Mabishano ya London

Mwezi Mei 1901 Bose alieleza matokeo hayo katika Royal Institution na kupokewa vizuri. Tarehe 6 Juni aliyarudia mbele ya Royal Society, na huko mambo yalikuwa tofauti. Aliyesimama kumpinga alikuwa Sir John Burdon-Sanderson, mwanafiziolojia aliyeheshimiwa kuliko wote Uingereza katika jambo hilo. Yeye ndiye aliyegundua mwaka 1873 kwamba jani la mmea unaonasa inzi hutoa ishara ya umeme linapoguswa. Aliamini kwamba mmea wa kawaida hauwezi kufanya hivyo, kwa kuwa yeye mwenyewe alijaribu bila kufaulu. Alipendekeza pia Bose abadilishe kichwa cha makala yake, asitumie neno lililokuwa likitumika kwa misuli na neva za wanyama.

Bose alikataa. Makala haikuchapishwa, ikawekwa kwenye hifadhi ya shirika. Kwa mtu aliyekuwa London kwa ruhusa ya muda kutoka kwa mwajiri wake, na ambaye wakubwa wake Kolkata hawakupenda utafiti wake, pigo hili lilikuwa kubwa. Angeweza kurudi kwenye mawimbi ya redio, ambako jina lake lilikuwa tayari limejengeka na ambako fedha zilianza kupatikana. Badala yake aliomba kuongezewa muda na akaendelea na majaribio London. Mwalimu wake wa zamani Vines, aliyekuwa wakati huo rais wa Linnean Society, alimfungulia mlango, na kazi yake ikachapishwa na shirika hilo mwaka 1902. Kabla ya hapo Augustus Waller, mpinzani wake mwingine, alikuwa ametangaza matokeo yanayofanana na yake, na ikabidi ithibitishwe kwamba Bose ndiye aliyetangulia kuyaonyesha.

Makala nyingine alizopeleka Royal Society miaka michache baadaye zilizuiwa pia. Kwa hiyo Bose alianza kutoa matokeo yake katika vitabu vinene, kuanzia 1902 hadi mwishoni mwa miaka ya 1920. Njia hii ilimpa uhuru, lakini pia ilimwondolea wahakiki ambao pengine wangemzuia asivuke mipaka ya ushahidi wake.

Kifauwongo na mitambo ya kuandika

Mmea alioutumia zaidi ni Mimosa pudica, ambao watu wa Afrika Mashariki huuita kifauwongo na Wabengali huuita lajjabati, yaani mwenye haya. Asili yake ni Amerika, lakini umeenea kama gugu katika nchi nyingi za joto. Ukiguswa, vijani vyake hujikunja viwiliviwili; ukiguswa kwa nguvu au kuunguzwa, kikonyo chote huanguka, na baada ya dakika kumi au zaidi hujiinua tena.

Wakati huo wataalamu wengi wa Ulaya, wakifuata maoni ya Wilhelm Pfeffer na Gottlieb Haberlandt, walidhani kwamba taarifa ya mguso husafiri ndani ya mmea kama msukumo wa maji kwenye bomba. Kama ni hivyo, haipaswi kujali kama seli za njiani ziko hai vizuri au la. Bose aliamua kupima mwendo wenyewe. Tatizo lilikuwa kwamba jani la kifauwongo ni dhaifu mno, na kalamu yoyote inayokwaruza karatasi ingelizuia. Alibuni mtambo ambao kalamu yake ilitetemeka kwa kasi inayojulikana na kugusa kioo kilichopakwa masizi kwa nukta tu. Nukta hizo ziliondoa mkwaruzo na papo hapo zikawa saa, kwa kuwa kila nafasi kati ya nukta mbili ilikuwa sehemu ndogo ya sekunde inayojulikana.

Alikuta kwamba ishara husafiri kwa sentimita chache kwa sekunde, polepole sana kuliko neva za binadamu zinazofikia makumi ya mita kwa sekunde. Iliongeza kasi kwenye joto, ikapungua kwenye baridi, na ikasimama pale kipande kidogo cha kikonyo kilipopoozwa sana au kutiwa sumu. Maji kwenye bomba hayana tabia hiyo. Baadaye aliingiza waya mwembamba sana ndani ya kikonyo hatua kwa hatua, akipima umeme kila alipofika, na kuona kwamba ishara ina nguvu zaidi katika floemu, tishu inayobeba sukari.

Mmea wake mwingine ulikuwa Desmodium gyrans, unaoitwa bon charal kwa Kibengali, ambao vijani vyake vidogo vya pembeni hupanda na kushuka vyenyewe kila baada ya dakika chache. Bose aliulinganisha na moyo. Kwa ajili ya kupima ukuaji alitengeneza kreskografu, mtambo uliokuza mwendo wa ncha ya mmea mara 10,000. Aina ya baadaye iliyotumia sumaku ilikuza mara mamilioni.

Bose alikuwa anapima nini

Bose aliona umeme bila kujua unatoka wapi. Kiini chake kilieleweka baada ya kifo chake, vyombo vilipoanza kupima seli moja, na hatimaye mfereji mmoja wa protini.

Seli ya mmea iliyotulia ina umeme hasi ndani ikilinganishwa na nje, kwa kiasi cha milivolti 100 hadi 200. Hali hii hudumishwa na pampu zinazotumia nguvu kusukuma ioni za hidrojeni nje. Hali hiyo hasi huvuta ioni za potasiamu, zenye chaji chanya, ziingie na kujazana ndani kuliko nje. Maji hufuata potasiamu, seli hujaa kama mpira wa baiskeli, na jani husimama imara.

Ioni haziwezi kupenya utando wenyewe, kwa sababu utando huo ni wa mafuta. Zinapita katika mifereji ya protini. Mfereji wa potasiamu umeundwa na sehemu nne zinazozunguka tundu moja. Sehemu nyembamba ya tundu imepangwa ili ioni ya potasiamu ivue maji yanayoizunguka na kushikwa vizuri na atomi za oksijeni za ukuta. Ioni ya natiri ni ndogo zaidi, haishikwi vizuri, kwa hiyo hubaki nje. Mifereji mingine ya potasiamu hufunguka umeme wa ndani unapokuwa hasi sana na kuingiza potasiamu. Mingine hufunguka hali hiyo hasi inapopungua, nayo hutoa potasiamu. Mifereji hii ilipimwa kwa mara ya kwanza moja kwa moja katika seli zinazolinda vinyweleo vya jani la mbaazi ya kizungu, Vicia faba, mwaka 1984. Jeni za kwanza za mifereji ya potasiamu ya mimea, zilizoitwa KAT1 na AKT1, zilitambuliwa mwaka 1992.

Kifauwongo kinapoguswa, kalsiamu huingia ndani ya seli na kloridi hutoka. Hali hasi ya ndani hupungua ghafla. Ndiyo ishara aliyoiona Bose kwenye galvanomita yake. Kisha mifereji ya kutoa potasiamu hufunguka, potasiamu inatoka, na seli inarudia umeme wake wa awali. Katika neva za wanyama anayeanzisha mshtuko ni hasa natiri. Katika mmea ni kloridi, lakini anayeufunga ni potasiamu katika pande zote mbili.

Ishara inapofika kwenye kifundo chini ya kikonyo, seli za upande wa chini hupoteza potasiamu na kloridi kwa wingi. Maji hukimbia nyuma yake, seli zinanywea, na kikonyo kinaanguka kwa sababu hakina kinachokishikilia kutoka chini. Bose alikuwa ameshasema kwamba nusu ya chini ya kifundo ndiyo yenye kuitikia zaidi. Kujiinua tena huchukua muda mrefu kwa kuwa potasiamu lazima irudishwe, na pampu zinahitaji nguvu na wakati. Vijani vya Desmodium pia hucheza kwa seli za kifundo kuingiza na kutoa potasiamu kwa zamu.

Alipokosea

Si kila alichodai Bose kimesimama. Katika kitabu chake cha 1923 alieleza kwamba maji hupanda mtini kwa sababu ya seli hai za gamba la ndani zinazodunda kama moyo. Wataalamu walikubali badala yake maelezo ya Henry Dixon na John Joly ya mwaka 1894, kwamba maji huvutwa kutoka juu na uvukizaji wa majani kupitia mirija iliyokufa. Wala swali la maji katika kifauwongo halikuisha: mwaka 1916 Mwitaliano Ubaldo Ricca alionyesha kwamba mmea ukijeruhiwa, dutu fulani inayosafirishwa na maji huweza kupeleka taarifa hata panapokosekana seli hai. Leo inakubalika kwamba kuna njia zaidi ya moja, na zote mbili hufanya kazi katika mmea mmoja.

Bose pia alipenda kuandika juu ya neva, mapigo na hata uchungu wa mimea. Mimea haina neva. Lugha hiyo iliwavutia wasomaji wa kawaida lakini iliwafukuza wanasayansi, na ilipofufuliwa na vitabu vya kusisimua katika miaka ya 1970 ilifanya utafiti wa umeme wa mimea uonekane kama ushirikina kwa muda.

Taasisi ya Bose na miaka ya mwisho

Bose alistaafu ualimu mwaka 1915 na kupewa cheo cha Sir mwaka 1917. Tarehe 30 Novemba 1917, siku alipotimiza miaka 59, alifungua taasisi yake ya utafiti mjini Kolkata kwa fedha zake na michango ya watu. Rafiki yake, mshairi Rabindranath Tagore, alitunga wimbo kwa ajili ya ufunguzi huo. Kanuni mojawapo ilikuwa kwamba ugunduzi wa taasisi ni mali ya wote na hautawekewa hataza.

Mwaka 1920 Waller alitilia shaka kreskografu ya sumaku hadharani. Bose aliileta London, wanasayansi kadhaa wakaichunguza ikifanya kazi na kutamka kwamba inapima ukuaji kweli. Mwaka huohuo alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, shirika lililoiweka kando makala yake karibu miaka ishirini kabla. Baadaye alikuwa mjumbe wa kamati ya Shirikisho la Mataifa ya ushirikiano wa wasomi, pamoja na Albert Einstein na Marie Curie.

Bose aliandika pia kwa Kibengali. Hadithi yake ya mwaka 1896, kuhusu tufani iliyotulizwa kwa chupa ya mafuta ya nywele, huhesabiwa kati ya hadithi za kwanza za kisayansi katika lugha hiyo. Kati ya wanafunzi wake walikuwamo Satyendra Nath Bose na Meghnad Saha.

Alifariki mjini Giridih wiki moja kabla ya kutimiza miaka 79. Hakuacha watoto. Uongozi wa taasisi ulichukuliwa na mpwa wake, mwanafizikia Debendra Mohan Bose, hadi mwaka 1967. Kasoko moja upande wa mbali wa Mwezi imepewa jina lake, na mitambo yake mingi ingali inahifadhiwa katika taasisi hiyo mjini Kolkata.